Mashine Huhesabu Damu, Lakini Haimjui Ng'ombe Wako

Mfugaji wa kwetu Kilosa akimwona ng'ombe wake amezubaa, manyoya yamesimama na maziwa yamepungua, neno la kwanza linalomtoka mdomoni ni "ndigana." Neno la pili ni "sindano." Anakwenda duka la dawa, ananunua Berenil au OTC kwa kadiri ya fedha alizo nazo, anachoma. Ng'ombe akipona, dawa inasifiwa. Akifa, ndigana inalaaniwa. Lakini ng'ombe yule aliumwa nini hasa? Hakuna ajuaye, maana damu yake haikupimwa.

Leo tujifunze habari za kupima damu ya mifugo, na hasa ile mashine inayohesabu chembe za damu yenyewe, bila mtu kuzihesabu kwa macho. Mashine za namna hii zimo katika hospitali za binadamu, zimo pia katika maabara za mifugo na za utafiti. Wapo wanaosema kwamba ukiipa tone la damu inakutajia ugonjwa, kama mganga apigaye ramli. Sivyo. Mashine inahesabu tu. Anayejua nini cha kuhesabu, na hesabu ile ina maana gani, ni watu: mtaalamu wa maabara, bwana mifugo, na wewe mfugaji uliyeshika kamba ya ng'ombe. Hebu tuone kwa nini wewe pia umo katika kazi hii.

MAGONJWA MENGI, SURA MOJA

Wilaya yetu ina mifugo mingi, na inapakana na pori. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake. Humo wamo nyati, pofu, ngiri, tembo na wengine wengi. Wanyama hawa wamezoeana na vijidudu vya pori kwa miaka isiyohesabika. Nyati au ngiri anaweza kubeba vijidudu vya nagana katika damu yake na akaendelea kula majani kama kawaida. Mbung'o akimnyonya yeye, halafu akaja kumnyonya ng'ombe wako aliyepita ukingoni mwa pori, ng'ombe ndiye anayeugua. Kupe naye ana yake.

Sasa tazama jambo hili. Nagana inaharibu chembe nyekundu za damu polepole, kwa wiki na miezi, mpaka ng'ombe anabaki mifupa. Ndigana baridi inaletwa na kupe, nayo inamaliza chembe nyekundu. Ule ugonjwa wa kukojoa damu unazipasua chembe nyekundu mpaka mkojo unageuka rangi. Minyoo ya tumboni inainyonya damu yenyewe. Ndigana kali ina njia nyingine: inashambulia zaidi chembe nyeupe, tezi za chini ya masikio zinavimba, homa inapanda kupita nyuzi 40, na mwishoni mapafu yanajaa maji.

Kwa macho, mnyama wa kila ugonjwa hapo anaweza kuonekana mnyonge, hali, hatembei vizuri. Lakini dawa zake ni mbalimbali. Berenil inaua vijidudu vya nagana, haina kazi kwa ndigana kali. Butalex ni ya ndigana kali, haiui minyoo. OTC inasaidia ndigana baridi, nagana haiitambui. Mfugaji anayechoma kwa kubahatisha anaweza kumaliza chupa tatu kabla ya kufika kwenye dawa inayotakiwa, na bei ya chupa tatu anaijua mwenyewe. Tena dawa ikichomwa ovyo, au kipimo kikiwa pungufu, vijidudu vinazoea. Vikishazoea, dawa ile inakuwa maji matupu kwa ng'ombe wako na kwa ng'ombe wa jirani.

Usifikiri kubahatisha ni kwa sisi wa vijijini tu. Daktari Mjerumani Robert Koch, ambaye jina lake linajulikana dunia nzima kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuja Dar es Salaam akafanya kazi ya kupima damu za ng'ombe mwaka 1897 na 1898. Katika hadubini yake aliona vijidudu vidogo ndani ya chembe nyekundu. Akadhani ni vichanga vya ugonjwa wa kukojoa damu. Baadaye wataalamu wengine walitambua kuwa vilikuwa vya ugonjwa mwingine kabisa, huu huu tunaouita leo ndigana kali. Kama Koch mwenye hadubini aliweza kuchanganya, sembuse mtu mwenye sindano mkononi na hajaona hata tone la damu!

MASHINE INAHESABU NAMNA GANI?

Zamani mtaalamu wa maabara alihesabu chembe kwa macho. Alichanganya damu na maji maalumu, akaidondosha kwenye kioo chenye mistari ya miraba, akainamia hadubini na kuhesabu mraba baada ya mraba. Kazi hiyo bado inafanyika mahali pengi na ni kazi ya heshima, ila inachosha macho. Mwaka 1953 Mmarekani aitwaye Wallace Coulter alipata hati ya kumiliki njia mpya, na mashine nyingi za leo bado zinafuata njia yake.

Ili kuielewa njia hiyo, fikiri juu ya boma lako alfajiri. Unataka kuhesabu mbuzi. Ukiwahesabu wakiwa wamesongamana ndani, utakosea. Basi unafungua kilango chembamba, anapita mmoja mmoja. Wewe umekaa pembeni, umefumba macho, umeweka mkono kwenye kilango. Kila anayepita anakugusa. Mguso mmoja ni mbuzi mmoja. Tena mguso wa beberu ni mzito na wa mtoto ni mwepesi, kwa hiyo unajua idadi na ukubwa pia, ingawa macho umeyafumba.

Mashine inafanya hivyo hivyo. Inaichanganya damu kidogo na maji mengi ya chumvi, kisha inaipitisha katika tundu dogo mno. Umeme mdogo unapita katika tundu hilo. Kila chembe ikipita inauzuia umeme kidogo, na mashine inaandika "moja." Chembe kubwa inazuia zaidi, chembe ndogo inazuia kidogo. Kwa muda mfupi maelfu ya chembe yamepita. Kisha mashine inatia dawa ya kuzipasua chembe nyekundu ili zibaki nyeupe za kuhesabiwa. Ule wekundu uliomwagika nao unapimwa kwa kuupitishia mwanga. Damu yenye wekundu mwingi inazuia mwanga mwingi. Halafu karatasi inatoka na tarakimu zake.

Mashine imefumba macho, ndugu msomaji. Hilo tulishike, kwa sababu ndilo linaloeleza mambo mengi yanayofuata. Haikioni kijidudu cha nagana kikicheza kama samaki kati ya chembe. Haioni tezi zilizovimba. Wala haijui kama aliyepita kilangoni ni mbuzi, kuku au mtu, isipokuwa ameiambia mtu.

MBUZI SI MTU

Hapa ndipo wengi wanapokwama, hata waliosoma. Chembe nyekundu ya binadamu ni kubwa. Ya ng'ombe ni kama nusu ya ujazo wa ile ya mtu, pengine kupita kidogo. Ya mbuzi ni ndogo zaidi: chembe nne za mbuzi ndizo zinazojaza nafasi ya chembe moja ya mtu. Mbuzi naye hulipa udogo huo kwa wingi. Katika milimita moja ya mchemraba ya damu, mtu mzima ana chembe nyekundu kama milioni 4 hadi 6, ng'ombe milioni 5 hadi 10, na mbuzi milioni 8 hadi 18. Tembo ni kinyume chake. Chembe zake ni kubwa kuliko za mtu, lakini ni chache.

Sasa chukua mfano. Mfugaji mwenye haraka anapeleka damu ya mbuzi wake mahali penye mashine iliyopangwa kwa damu ya watu. Mashine imeambiwa: "Chochote kidogo kuliko kiasi hiki usikiite chembe nyekundu." Maana katika damu ya mtu vile vidogo huwa ni chembe za kugandisha damu, au ni takataka tu. Mbuzi wanapita kilangoni, lakini mwenye kuhesabu ameambiwa ahesabu ng'ombe peke yao. Karatasi inatoka. Inasema mbuzi huyu karibu hana chembe nyekundu, na chembe zake za kugandisha damu zimefurika. Kumbe mbuzi ni mzima wa afya, anatafuna kamba pale nje! Mwenye mali akiiamini karatasi ile atamchinja mnyama mzima, au atamjaza dawa zisizo na kazi.

Kwa kuku ni vioja zaidi. Chembe nyekundu ya mtu au ng'ombe haina kiini ndani yake, lakini ya kuku inacho, kama kokwa katika tunda. Mashine ikizipasua chembe nyekundu ili ihesabu nyeupe, kokwa zile zinabaki zikielea. Mashine inazihesabu zote kuwa chembe nyeupe. Ndiyo maana damu ya ndege, ya kenge na ya nyoka bado inahitaji jicho la mtu kwenye hadubini.

Basi mashine za maabara za mifugo zimepangwa kwa kila mnyama. Kabla ya kupima, mtaalamu anachagua: ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, panya. Kwa hiyo kichupa kikifika bila kuandikwa ni cha mnyama gani, kazi imekwisha kabla haijaanza. Na usicheke, vichupa visivyoandikwa huletwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

DAMU HUHARIBIKA NJIANI

Kutoka Kilosa au Mikumi mpaka Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Morogoro ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984 na kinachofundisha madaktari wa mifugo. Kwa upande wa serikali ipo Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, iliyoanzishwa mwaka 2012, makao yake Temeke, Dar es Salaam, na vituo vyake vimo mikoani. Bwana mifugo wa kata ndiye anayejua sampuli ipelekwe wapi. Lakini popote iendako inasafiri, na safari ndiyo inayoua damu.

Anayechoma sindano na kutoa damu awe mtaalamu. Mfugaji kazi yake ni kumshika mnyama vizuri na kuangalia haya tunayoyasema.

Damu ya kuhesabiwa chembe inatiwa katika kichupa chenye kizibo cha zambarau. Ndani yake imo dawa ya kuzuia damu isigande. Kichupa kinajazwa mpaka kwenye alama. Damu ikiwa kidogo mno, dawa inakuwa nyingi na chembe zinasinyaa. Ikizidi, inaganda. Mara tu baada ya kujazwa kinapinduliwa taratibu, juu chini, mara nane hadi kumi. Kisitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi, chembe zitapasuka. Na bonge moja dogo la damu iliyoganda linatosha kuziba lile tundu la mashine na kusimamisha kazi ya siku nzima.

Kichupa kinahitaji ubaridi, lakini kisigande. Kizungushie kitambaa au karatasi ndipo kiwekwe katika sanduku la barafu. Kikilalia barafu yenyewe, chembe zinaganda na kupasuka. Kikiachwa kwenye jua juu ya tanki la pikipiki, ni afadhali kisingepelekwa. Damu ipimwe siku hiyo hiyo, au kabla ya saa 24 kupita. Ikikaa zaidi chembe zinavimba, na mashine itaandika ukubwa wa uongo bila kusitasita.

Kabla kichupa hakijaondoka, bwana mifugo apake tone moja la damu kwenye kioo chembamba, alitandaze, likauke. Mara nyingi tone hilo linatolewa kwenye mshipa mdogo wa sikio au ncha ya mkia, kwa kuwa vijidudu vingine hupenda kujificha katika mishipa midogo. Na kama anashuku ndigana kali, atachoma tezi iliyovimba na kupaka majimaji yake kwenye kioo kingine. Kioo kitatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Kwa maoni yetu, bwana mifugo akilazimika kuchagua kimoja kati ya kioo na mashine, kwa ng'ombe mgonjwa wa Mikumi achague kioo. Mashine itamwambia damu imepungua, jambo ambalo pengine ameshalijua. Kioo kinaweza kumwonyesha mwizi mwenyewe.

Lipo pia jambo la mnyama mwenyewe. Ng'ombe na mbuzi wana akiba ya chembe nyekundu katika bandama. Mnyama aliyefukuzwa boma zima, akaangushwa na vijana wanne, akapiga makelele, huifungulia akiba hiyo. Damu yake itaonekana nzito kuliko ilivyo. Mnyama mwenye kiu naye ni hivyo hivyo. Katika kiangazi, ng'ombe aliyekaa siku mbili bila maji damu yake inakauka maji, chembe zinabanana, na upungufu wa damu unajificha. Karatasi itasema "sawa" kwa ng'ombe ambaye si sawa hata kidogo. Kwa hiyo mshike kwa upole, na mweleze bwana mifugo alikunywa maji lini. Mweleze pia umri wake, ana mimba au hana, amepita pori gani, na amechomwa dawa gani wiki hizi. Usione haya kutaja dawa uliyomchoma mwenyewe. Berenil ya juzi inaweza kufagia vijidudu kwenye damu, na mtaalamu akaandika "hakuna nagana" wakati nagana ndiyo iliyomdhoofisha mnyama.

KAMA MASHINE IKO MBALI

Ipo njia ya kati, ya bei nafuu. Damu kidogo inatiwa katika mrija mwembamba wa kioo, mrija unazungushwa kwa kasi sana kwa dakika tano katika kifaa maalumu. Chembe nyekundu zinajikusanya chini, maji ya damu yanabaki juu. Ukipima kwa rula unapata ujazo wa chembe kwa kila mia. Ng'ombe mzima anapata kati ya 24 na 46 kwa mia. Chini ya 24 ana upungufu wa damu. Na palepale kati ya wekundu na maji pana utepe mweupe. Vijidudu vya nagana hukusanyika karibu na utepe huo, na vikitazamwa kwa hadubini vikiwa hai vinaonekana vikijipindapinda.

Na kama hata hilo halipo, funua kope ya chini ya mbuzi au kondoo, mahali penye mwanga wa jua. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano, kuanzia nyekundu hadi nyeupe, ya kulinganisha na rangi ya ndani ya kope. Kope iliyo nyeupe kama karatasi ni dalili ya hatari, hasa kwa minyoo inayonyonya damu. Tufanye hesabu. Mnyoo mmoja wa aina hiyo hupoteza damu ya mbuzi kiasi cha mililita 0.05 kwa siku. Ni kidogo, hata tone kubwa haijafika. Lakini mbuzi akiwa na minyoo 1,000, ni mililita 50 kila siku. Mbuzi wa kilo 25 ana damu karibu mililita 1,750 tu mwilini. Gawanya mwenyewe uone zitapita siku ngapi akipoteza 50 kila siku, ingawa mwili wake unajitahidi kutengeneza nyingine.

KWA NINI WATOE DAMU YA NG'OMBE MZIMA?

Watafiti wakija kijijini kuomba damu ya ng'ombe wazima, minong'ono huanza. Eti wanakwenda kuiuza. Eti ng'ombe atadhoofika. Swali la kwanza lina haki ya kuulizwa, na jibu lake ni hili: huwezi kujua damu ya mgonjwa imepungua kama hujui ya mzima ni kiasi gani. Tarakimu nyingi zilizomo vitabuni zilipimwa kwa ng'ombe wa Ulaya na Marekani, wanaokula na kuishi vingine. Ng'ombe wetu wa nundu, aliyezaliwa katika joto na kupe wa Mkata, anastahili tarakimu zake mwenyewe.

Kuhusu kudhoofika, turudi kwenye hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 ana damu kama lita 15. Kichupa kinachukua mililita 5, yaani sehemu moja kati ya 3,000. Wamasai waliotoa damu ya ng'ombe kwa mshale ili wanywe walichukua zaidi sana ya hiyo, na ng'ombe alirudi malishoni.

Damu ya wanyama wengi pamoja hueleza hali ya nchi nzima. Kule Unguja, serikali na wataalamu wa kimataifa waliwaangamiza mbung'o kwa kuachia madume waliofanywa tasa, ambao walizalishwa Tanga. Mbung'o wa mwisho wa pori alinaswa mwaka 1996. Lakini mitego peke yake haikutosha kuwa shahidi. Ng'ombe wa uchunguzi waliwekwa sehemu mbalimbali za kisiwa na damu yao ikapimwa mara kwa mara. Damu ilipobaki safi, ndipo watu walipoamini kuwa nagana imekwisha. Mikumi haifanani na Unguja, maana haikuzungukwa na bahari na pori lake ni kubwa, lakini njia ya kuwauliza ng'ombe kwa damu yao ni ile ile.

Sisi tunasema neno moja kwa watafiti pia. Mtu aliyekupa ng'ombe wake umchome anadai majibu. Kuchukua vichupa na kutoweka si heshima, na ndiko kunakozaa ile minong'ono. Serikali ya kijiji iulize mapema: majibu tutaletewa lini, na nani atatusomea?

DAMU YENYEWE NI HATARI

Mwanzoni mwa mwaka 2007, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini kwetu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walitupa mimba kwa wingi, na ndama walikufa. Ugonjwa ulifika mkoa wetu wa Morogoro, Kilosa ikiwemo. Tanzania nzima watu 511 walishukiwa kuugua na 144 kati yao walifariki. Mbu huusambaza ugonjwa huo, lakini watu wengi huupata kwa kugusa damu: kuchinja, kuchuna, kumsaidia mnyama anayetupa mimba, kugusa kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Mashine ya kuhesabu chembe haiwezi kuitambua homa hiyo. Kwa ugonjwa huo damu hutiwa katika kichupa kingine kisicho na dawa ya kuzuia kuganda, kwa kawaida chenye kizibo chekundu. Maji ya damu yakishajitenga hupimwa kwa vipimo vya namna nyingine. Ndiyo maana bwana mifugo hutoa vichupa viwili, na si kwamba ana tamaa ya damu.

Basi mifugo ikitupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, usiguse bila mifuko ya mikono. Toa taarifa kwanza. Na mnyama akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani na nyuma, usimchune, usimpasue, wala usijaribu kukinga damu yake uipeleke kupimwa. Huenda ni kimeta. Damu ikimwagika, vijidudu vyake hujigeuza mbegu ngumu zinazokaa ardhini miaka mingi. Mfunike, wafukuze mbwa, mwite bwana mifugo. Yeye anajua namna ya kupata tone linalomtosha.

ZOEZI LA KIKUNDI

Someni karatasi hii ya majibu, ya mfano tu, kisha mjadiliane.

Mnyama: ng'ombe, dume, miaka 3. Mahali: Mikumi. Chembe nyekundu, zinazoandikwa RBC: milioni 3.2. Ujazo wa chembe, unaoandikwa HCT: 16 kwa mia. Chembe nyeupe, zinazoandikwa WBC: 9,000. Kawaida ya chembe nyeupe za ng'ombe ni 4,000 hadi 12,000.

Je, ng'ombe huyu ana upungufu wa damu? Mmejuaje? Je, karatasi hii inatosha kusema kuwa ana nagana? Mwenye ng'ombe anasema alimchoma Berenil siku nne zilizopita, lakini hakumwambia mtu wa maabara. Taarifa hiyo inabadilisha nini? Na bwana mifugo angetaka kuona kitu gani kingine kabla ya kumwandikia dawa?